Kuchora na Kuimba si Kupoteza Wakati



Mwezi wa Januari 2021, siku chache baada ya shule zote kufunguliwa, tulialikwa kwenye mkutano wa wazazi katika shule moja ndogo hapa Riruta. Ni shule ya mabati, kama zilivyo nyingi huku kwetu na kule Kawangware. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, barakoa usoni, madirisha yote wazi. Mwalimu mkuu akabandika ratiba mpya ukutani. Akaeleza kwamba watoto wamepoteza miezi tisa. Kwa hivyo kipindi cha muziki kimeondolewa, cha kuchora kimeondolewa, na mahali pake pamewekwa Hesabu na Kiingereza. Wazazi wakapiga makofi. Nasi tukapiga.

Tunaanza na hayo kwa sababu makala haya hayakusudii kuwalaumu walimu. Sisi wenyewe, pamoja na diploma zetu za kazi ya jamii, tuliona ni jambo la busara. Mtoto amechelewa, basi mpe masomo ya maana kwanza. Kuimba kutakuja baadaye. Ni mtoto mmoja aliyetuonyesha kwamba tulikosea.

Mlango uliochorwa

Mwezi uliofuata mwalimu mmoja alituita. Darasani kwake, Gredi ya Tatu, alikuwa na msichana ambaye haongei. Hachezi na wenzake, akiulizwa swali anainamisha kichwa, na daftari lake ni tupu. Tulikaa naye tukamuuliza yale maswali tuliyofundishwa kuuliza. Hatukupata neno.

Siku moja ikanyesha mvua kubwa. Mnajua mvua ikipiga mabati hakuna mwalimu anayeweza kusikika. Mwalimu akawagawia watoto karatasi za mitihani ya zamani, wachore upande wa nyuma kwa vipande vya mkaa, bora wakati upite. Yule msichana alichora mlango. Hakuweka nyumba, watu wala jua, alichora mlango tu, na kufuli kubwa.

Mwalimu akamuuliza, "Hapa ni wapi?"

Akajibu, "Kwetu."

"Na wewe uko wapi?"

Mtoto akageuza karatasi upande wa pili.

Mama yake alipokuja hakuficha kitu. Alituambia, "Dada, ni mimi niliyefunga. Ningemwachia nani? Nikipata siku moja ya kufua Lavington lazima niende, na kwenye ploti kuna watu siwajui." Basi mtoto alikuwa akifungiwa kwenye chumba kimoja, asubuhi hadi jioni, siku nyingi za mwaka 2020. Hakupigwa wala kunyimwa chakula. Mama alikuwa akimlinda kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Hatukumgombeza. Tulizungumza na akina mama wa kikundi chake, nao wakapanga zamu ya kuangalia watoto siku za vibarua. Mwalimu naye akaanza kumpa yule mtoto karatasi kila Ijumaa. Hatusemi kwamba picha moja ilimponya. Tunasema kwamba bila ile picha hakuna mtu mzima ambaye angejua, na tungeendelea kumwita mtoto mzito wa kuelewa. Tena picha ilitokea kwa bahati, kwa sababu ya mvua. Kwenye ratiba tuliyoipigia makofi haikuwa na nafasi.

Watoto walipoteza nini?

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi tarehe 12 Oktoba, na wengine wote wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Majirani zetu wa Tanzania walifungua shule zao tarehe 29 Juni 2020, lakini wale wa Uganda walikaa karibu miaka miwili, hadi tarehe 10 Januari 2022, ndipo madarasa yote yakarudi.

Katika miezi hiyo watoto wetu walipoteza zaidi ya masomo. Walipoteza uwanja wa kuchezea na wenzao. Walisikia habari za vifo, wakawaona wazazi wao wakirudi bila kibarua, wakaona kafyu. Hata kanisani hawakuwa na mahali. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, masharti yalikuwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Yaani mjukuu na nyanya yake wote walifungiwa nje. Tamasha la Muziki, ambalo limekuwapo Kenya tangu 1927, na lile la Drama la shule na vyuo, tangu 1959, hayakufanyika mwaka huo.

Serikali ilijaribu kuwafikia watoto kwa masomo ya redio na televisheni, na tunashukuru. Lakini redio huongea tu, haiwezi kumsikiliza mtoto.

Waliporudi, mwaka wa masomo ulibanwa. Mihula ilifupishwa, likizo zikawa za siku chache, na kalenda haikurudi kuwa ya kawaida hadi Januari 2023. Mwalimu akibanwa hivyo atakata wapi? Atakata kile ambacho mzazi hatauliza. Mzazi huuliza alama za Hesabu. Ni wangapi kati yetu tumewahi kwenda shuleni kuuliza, "Kwa nini mtoto wangu haimbi?"

Wimbo na picha hufanya kazi gani?

Mtu mzima akiumia moyoni huenda kwa rafiki akaeleza. Mtoto mdogo hana maneno hayo. Anaweza kuwa na hofu na asijue kwamba inaitwa hofu. Akichora, hofu inatoka ndani na kukaa juu ya karatasi, mahali anapoweza kuiangalia na mtu mwingine akaiona. Kwenye igizo anakuwa daktari, askari wa kafyu au mwenye ploti anayedai kodi, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye anayeamua mambo yaishe vipi. Akiimba na wenzake anavuta pumzi pamoja nao, anaanza pamoja nao na kunyamaza pamoja nao. Kwa mtoto aliyekaa miezi peke yake, hilo peke yake ni somo.

Haya si maoni yetu tu. Novemba 2019, muda mfupi kabla ya Korona, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti ilionyesha kwamba sanaa inaweza kusaidia kuzuia magonjwa, kukuza watoto na kutunza wagonjwa wa mwili na wa akili. Haikusema sanaa inachukua nafasi ya dawa, nasi hatusemi hivyo.

Vikundi vyetu mnayajua haya tayari

Msidhani tunawaletea jambo la kigeni. Ukimwi ulipoingia vijijini, watu hawakuthubutu kuutaja. Ilichukua hadi Novemba 1999 kwa Rais Moi kuutangaza kuwa janga la kitaifa. Ni nani waliokuwa wakizungumza waziwazi? Mara nyingi vilikuwa vikundi vya akina mama na vijana, kwa nyimbo na michezo ya kuigiza sokoni na shuleni. Neno ambalo chifu hangeweza kulisema kwenye baraza, mwigizaji alilisema, watu wakacheka, kisha wakanyamaza, kisha wakauliza maswali. Wengine wetu tulikuwa bado wanafunzi wakati huo, na tulisikia habari za ugonjwa huo kwenye igizo kabla ya kuzisikia nyumbani.

Hata mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya miaka ya 1970 na kuenea kupitia majimbo ya Kanisa Katoliki, yalitumia njia hiyo. Mwelekezi hakuanza kwa hotuba. Alionyesha picha au kigizo kifupi, halafu akauliza, "Mmeona nini?" Vikundi vingi vya maji, vya mikopo na vya afya vilizaliwa kutokana na mazungumzo ya namna hiyo.

Korona ilipofika mambo yalikuwa yale yale. Machi 2020, Bobi Wine na Nubian Li wa Uganda walitoa wimbo wa kuwafundisha watu kunawa mikono na kujikinga. Vijana wa Mathare na Kibera walichora kwenye kuta ili wapita njia waone. Basi tukiwa sisi watu wazima tunafundishwa na kufarijiwa kwa wimbo na picha, kwa nini tuwanyime watoto?

Lakini mtihani je?

Hili ndilo swali la kila mzazi, na ni swali la haki. Karo inalipwa kwa jasho.

Jibu letu la kwanza ni kwamba sanaa haiibii Hesabu na Kusoma. Mtoto anayesuka kiondo anahesabu nyuzi, na akikosea hesabu kiondo chenyewe kitamwambia. Mpiga ngoma anahesabu mapigo. Darasa moja tulilolitembelea lilikuwa na watoto waliosahau kusoma. Mwalimu aliandika ubaoni maneno ya wimbo ambao watoto wote walikuwa wanaujua, akawa anaonyesha kila neno kwa fimbo wanapoimba. Kwa kuwa maneno walikuwa nayo mdomoni, macho yalianza kuyatambua ubaoni. Hakuna mtoto aliyechekwa.

Jibu la pili linahusu riziki. Tuliosoma miaka ya mwanzo ya 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, tunakumbuka somo la Sanaa na Ufundi. Wengine tulinunua kikapu sokoni tukakipeleka kwa mwalimu kama kazi ya mikono yetu! Tulipata alama, hatukupata ujuzi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwenye madarasa ya chini nchi nzima mwaka 2019, umeipa sanaa nafasi tena, na kwa shule ya upili ya juu umeweka njia tatu za masomo, moja ikiwa ni ya sanaa na michezo. Ila mtoto hawezi kuchagua njia ambayo hajawahi kuionja.

Mifano iko karibu nasi. Mwaka 1994 mwigizaji Anne Wanjugu alianzisha Shangilia Mtoto wa Afrika, akiwafundisha watoto wa mitaani kuigiza na kucheza sarakasi, na majirani zetu wa Kangemi wanaifahamu vizuri. Hapa Riruta, jumuiya ya Koinonia ilifungua kituo cha Kivuli mwaka 1997 kwa ajili ya watoto wa mitaani. Huko Korogocho, mradi wa Ghetto Classics ulianza 2008 ukiwafundisha watoto kupiga ala kama fidla na tarumbeta. Si kila mtoto wa huko amekuwa mwanamuziki, na hiyo siyo shabaha. Shabaha ni mtoto apate mahali pa kufika kila wiki, mtu mzima anayemjua kwa jina, na kazi anayoweza kuimaliza.

Namna ya kuanza kwenye kikundi chenu

Tunajua wazazi wengi wamechoshwa na orodha za vitu vya kununua kwa ajili ya mtaala mpya. Hapa hamna haja ya duka.

1. Tengeni saa moja kwa wiki. Jumamosi baada ya kazi za nyumbani inafaa. Chagueni watu wazima wawili, si mmoja, wawe na watoto mahali pa wazi panapoonekana.

2. Kusanyeni vitu. Karatasi: mifuko ya unga, kalenda za zamani, karatasi za mitihani. Rangi: mkaa kwa nyeusi, udongo mwekundu, bizari kwa manjano, majani ya sukuma yaliyopondwa kwa kijani. Brashi: kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Gundi: uji mzito wa unga wa ngano. Ngoma: debe au mtungi mkuukuu. Njuga: visoda vilivyotobolewa na kufungwa kwa waya. Wanachama 20 wakitoa shilingi 20 kila mmoja, mna shilingi 400 za penseli na unga wa gundi.

3. Tafuteni mwalimu miongoni mwenu. Yuko nyanya anayesuka viondo. Yuko mzee anayejua nyatiti, litungu au ngoma. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kama ngoma yenye sifa hivyo iko hatarini, zile za kijiji chenu ni nani atazirithi? Mzee aliyekaa peke yake wakati wa Korona naye anahitaji hao watoto.

4. Msisahihishe. Mtoto akichora ng'ombe wa miguu mitano, mwacheni. Ulizeni, "Nieleze, hapa kuna nini?" kisha nyamazeni. Msiseme, "Baba yako ndiye huyu anayepiga?" Picha siyo ushahidi wa kesi, na mtu asijifanye mganga wa kutafsiri picha. Mtoto mwenyewe ndiye anayejua maana yake.

5. Tunzeni siri, lakini si siri ya hatari. Mtoto akieleza kwamba anapigwa vibaya au anaguswa vibaya, mwambieni hakukosea kusema. Habari zisipelekwe kisimani. Pigeni simu 116, ya kusaidia watoto, ambayo hailipishwi, au mwone afisa wa watoto.

6. Nendeni shuleni kwa heshima. Msiende kulalamika, nendeni na mchango: "Mwalimu, tuna mama mwenye ujuzi wa kusuka, Ijumaa anaweza kuja." Mwalimu aliyelemewa atafurahi kuliko mnavyodhani.

Ugonjwa ukirudi tena

Magonjwa na misiba haijaisha. Mwaka 2024 tu, mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei, na mwisho wa Julai kisa cha kwanza cha mpox kikathibitishwa nchini. Kwa hivyo tujifunze pia namna ya kufanya sanaa wakati wa hatari.

Kuimba kuna hatari yake pale ugonjwa unapoenezwa kwa pumzi. Machi 2020, katika jimbo la Washington nchini Marekani, watu 61 walifanya mazoezi ya kwaya ndani ya chumba. Watu 53 wakaugua, baadhi wakithibitishwa kwa kipimo na wengine kwa dalili, na wawili wakafa. Kwa hiyo, ugonjwa wa namna hiyo ukiwapo, wekeni kuimba kando, au imbeni nje, wachache, mkiachana nafasi. Ngoma, kuchora, kufinyanga na kusuka vinaweza kuendelea mtoto akiwa mlangoni pa nyumba yao, kila mmoja na vifaa vyake, na mwanachama mmoja akipita kutazama kazi. Kule kupita ndiko kunakomwonyesha mtoto kwamba hajasahauliwa, na ndiko kunakowaonyesha ninyi mlango upi una kufuli kwa nje.

Shule ile ya mabati ilirudisha kipindi kimoja cha kuchora na kuimba katika muhula uliofuata, dakika 30 kila Ijumaa. Mwalimu mkuu alikiandika kwenye ratiba kwa kalamu nyekundu, ili mtu asikifute bila kuuliza. Safari hii makofi yalikuwa machache, lakini tuliokuwapo tulijua tunapigia nini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Shule zilipofungwa mwaka 2020, watoto wetu walikuwa wapi mchana, na pamoja na nani? Kuna mtoto aliyebadilika tangu wakati huo?

2. Shule ya hapa ina kipindi cha muziki au cha kuchora? Kinafundishwa kweli, au kimeandikwa tu?

3. Kati yetu ni nani mwenye ujuzi wa mikono, wimbo au hadithi ambao mtoto yeyote hajaurithi bado?

4. Shule zikifungwa tena wiki ijayo, ni nani atakayepita kuwaona watoto wa majirani wanaoenda kibarua? Andikeni majina na zamu kabla ya kufunga mkutano.

Mkijaribu, tuandikieni mlivyofanya, hata kama hamkufaulu. Tutafurahi kuwaeleza wengine.